Ajira zilisitishwa kwa miezi miwili, foleni ikadumu miaka: uchambuzi wa kisa cha Tanzania

Juni 2016 nilikuwa afisa utumishi kwenye halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa, na siku ile barua ya kusitisha inaingia nilikuwa na rundo la barua za kupandishwa vyeo mezani, zimeshasainiwa na kugongwa mhuri, zinasubiri tu wenyewe waje wasaini kwenye dispachi wachukue. Nyingi zilikuwa za walimu. Maelekezo kutoka juu yalikuwa mafupi: ajira mpya zisimame, kupandisha vyeo kusimame, marekebisho ya mishahara yasimame, uhakiki unaendelea. Nikazifungia kabatini. Shida ni kwamba wengine walikuwa wameshachukua za kwao na baadhi mshahara mpya ulishasoma, mwezi uliofuata ukarudi kulekule wakaja ofisini na slipu mkononi wananiuliza afisa hapa imekuwaje, na mimi sina la kuwajibu zaidi ya kuwaonyesha ileile barua.

Tuliambiwa ni jambo la mwezi mmoja au miwili.

Nimeamua kukieleza hiki kisa chote, mwanzo mpaka kilipofika, maana kila serikali ikielemewa na mishahara wazo la kwanza huwa hilohilo, funga mlango wa ajira, alafu baadae inaanza kutafuta namna ya kuufungua bila bajeti kupasuka, na hapo kwenye kufungua ndo kuna kazi kweli. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: kusafisha orodha ya mishahara kulikuwa sahihi kabisa na kulichelewa. Kosa lilikuwa kufungia ndani na ajira mbadala, yaani ile ya kumleta mtu pale mwenzake alipostaafu, alipofariki au alipofukuzwa, wakati hela ya ile nafasi tayari ilikuwa kwenye bajeti.

Tuanze na watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila mtu kuwepo kazini. Machi 2016 Rais Magufuli, wakati anawaapisha wakuu wa mikoa, aliwapa siku 15 wawe wamewaondoa wote kwenye mikoa yao. Ndani ya miezi michache idadi iliyotajwa ilikuwa imevuka 10,000. Watu wengi wakisikia mtumishi hewa wanafikiri ni jina la kubuni ambalo mhasibu kalitunga, na kweli yapo ya hivo, ila mengi niliyoyakuta mimi yalikuwa ya kawaida sana. Muuguzi kaacha kazi kaenda kufungua duka la dawa, mfawidhi wa kituo hajaandika barua, au kaandika imekaa kwenye faili la mtu aliye likizo, na cheki namba ya yule muuguzi, yaani namba yake ya kulipiwa mshahara, inaendelea kuwa hai kwenye mfumo kwa sababu Hazina inalipa moja kwa moja benki na haina macho ya kuona kama Zahanati fulani huko kijijini leo kuna mtu kaingia kazini au hakuna. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili, wa sita. Hela inasoma. Hapo mwizi hahitaji ujanja wowote, anahitaji watu watatu wasitimize wajibu wao tu.

Alafu vikaja vyeti. Tarehe 28 Aprili 2017 pale Chuo Kikuu cha Dodoma, waziri wa Utumishi Angellah Kairuki alimkabidhi Rais ripoti ya uhakiki uliofanywa na Baraza la Mitihani. Waliohakikiwa walikuwa 400,035. Vyeti vya watu 376,969 vilikuwa halali, 9,932 vilikuwa vya kughushi, 1,538 vilikuwa na utata wa cheti kimoja kutumika na mtu zaidi ya mmoja, na 11,596 hawakuwa na vyeti kamili. Ukizitazama hizo namba kwa utulivu utaona asilimia 94 ya waliohakikiwa walikuwa safi, ila wote asilimia 94 walisimamishiwa vyeo kwa sababu ya wale wachache. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Kwenye afya ndo kishindo kilisikika. Zahanati moja kwenye eneo letu ilikuwa na watumishi wanne kwenye karatasi ya ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa kwa kituo), ikabaki na wawili, mmoja mhudumu wa afya na mmoja muuguzi. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, nyumba yake ipo hatua kama thelathini kutoka chumba cha kujifungulia, na akaniambia siku nimeenda kukagua kwamba amelala na nguo za kazi mwezi mzima maana akigongewa usiku hana wa kumwita. Kulikuwa na daftari la zamu limeninginizwa ukutani kwa kamba, kila siku, asubuhi mchana usiku, jina ni lake. Daftari lote. Nikamuuliza mama mbona unajaza zamu ya usiku na mchana siku moja, akanijibu mwanangu nikiacha wazi mkaguzi atasema zahanati ilifungwa.

Sasa hesabu ya yule mama haionekani popote. Kwenye ripoti ya bajeti pale panaonekana fungu la mishahara limepungua, kazi nzuri. Ila gharama haikupotea, ilihamia kwenye mgongo wake, na kwa mama wajawazito waliokuwa wanapitiliza kwenda hospitali ya wilaya kwa bodaboda kwa hela yao.

Shuleni ilikuwa hivohivo, na mwaka mbaya zaidi wa kufunga mlango kuliko 2016 sidhani kama ungepatikana. Januari ya mwaka huo elimu bila malipo ilianza, watoto wa darasa la kwanza wakaruka kutoka kama milioni 1.4 mwaka 2015 mpaka karibu milioni 1.9. Yaani tumefungua geti la mbele watoto wameingia, miezi mitano baadae tumefunga geti la nyuma walimu wasiingie. Wa sayansi na hisabati walipenyezwa kidogo kidogo baadae, wengine wakabaki mtaani. Shule zikaanza kuokota wahitimu wa ualimu wanaojitolea, wazazi wanachanga elfu moja elfu mbili, mwenyekiti wa kijiji anaandika majina. Elimu bila malipo lakini mshahara wa mwalimu unachangishwa mkutanoni chini ya mwembe, na ukitaka kujua gharama ilienda wapi, ilienda pale.

Na sio kwamba hatukuwa na mfano. Miaka ya 90 wakati wa marekebisho ya uchumi tulipunguza watu, wale tunaowaita wa redandansi, na tukasitisha ajira serikalini. Watumishi wa afya wakashuka kutoka takriban 67,000 mwaka 1994 mpaka kama 49,000 mwaka 2002, wakati idadi ya watu inapanda na ukimwi ndo umepamba moto. Ilibidi baadae kuajiri kwa dharura. Wauguzi wengi niliowakuta kazini wana pengo la umri, kuna kizazi kizima hakipo katikati, una wakongwe wanaokaribia kustaafu alafu una vijana wa juzi, na huyo wa katikati ambaye angepaswa kumfundisha kijana hakuajiriwa kamwe. Pengo la 2016 nalo litaonekana hivohivo kama 2035 hivi.

Tuje kwenye vyeo maana hapa ndo hesabu ya mishahara inawadanganya wengi. Kabla ya 2022 mwalimu wa digrii alianza na TGTS D, moja ya ngazi za mishahara ya walimu wa serikali, mshahara wa mwanzo sh 716,000. Akipanda kwenda E mwanzo wake ni 940,000. Tofauti ni 224,000 kwa mwezi, hata ukitoa zile nyongeza ndogo za kila mwaka alizokuwa ameshazipata bado ni pesa ya maana. Ukimchelewesha miaka miwili serikali imebakiza kama milioni nne tano kwa mtu mmoja, zidisha kwa maelfu ya watu, unaona unafuu mkubwa. Ila haukuwa unafuu, lilikuwa deni ambalo halijaandikwa, kwa sababu muundo wa utumishi unasema huyu mtu akitimiza miaka yake na tathmini yake ni nzuri anapanda, kwaiyo siku ukifungua wote waliokwama wanafika mlangoni kwa pamoja. Na kuna kundi ambalo huwezi kuwalipa tena kabisa, waliostaafu katikati ya kipindi kile, maana pensheni inakokotolewa kwa mshahara wa miaka ya mwisho kazini, kwaiyo mtu kapoteza cheo kimoja mwaka 2016 na atakilipia mpaka anaingia kaburini.

Huku slipu yenyewe inaminywa upande wa pili. Makato ya mkopo wa elimu ya juu yalipandishwa kutoka asilimia 8 mpaka 15. Kodi ya kima cha chini ilishushwa kweli kutoka asilimia 11 mpaka 9, haki yake tuiseme, ila kijana wa digrii aliyekuwa anatoa 8 akaanza kutoa 15 mshahara ukiwa palepale, huyo hakuhisi unafuu wowote.

Kuna kitu kimoja nataka nikieleze vizuri kwa sababu nje ya ofisi za utumishi hakijulikani sana, jinsi nafasi inavyokufa. Kila taasisi ina ikama yake, inaandaliwa pamoja na bajeti ya mishahara, inapelekwa, inachambuliwa, inapitishwa. Mtu akitoka, cheki namba yake inafungwa na ile hela inabaki Hazina. Kumpata mbadala inabidi uombe kibali upya kana kwamba unaomba nafasi mpya kabisa. Sasa mkuu wa shule au mganga mfawidhi akilijua hilo anafanyaje? Anachelewesha taarifa ya mtu aliyeondoka, kwa sababu akiitoa anapoteza nafasi na hajui lini atarudishiwa. Yaani ule utaratibu wa kufunga kila kitu ulikuwa unawapa watu sababu ya kutengeneza watumishi hewa walewale uliokuja kuwaua. Mimi nimeliona kwa macho yangu, mtu ananiomba afisa subiri kwanza usimtoe, tukimtoa hatupewi mwingine. Alikuwa haibi, alikuwa anaogopa.

Kwaiyo ukiniuliza serikali ingefanyaje mwaka 2016 jibu langu liko hapo. Fuatilia cheki namba moja moja, safisha, funga za wizi, peleka watu mahakamani, ila sema wazi kwamba kila nafasi inayosafishwa kwenye darasa au wodi inajazwa ndani ya miezi mitatu kwa hela ileile. Aprili 2017 lilitamkwa la kuziba mapengo ya wale wa vyeti, na bajeti ya 2017/18 ilitaja ajira zaidi ya 52,000, lakini kati ya kutajwa kwenye bajeti na mtu kuripoti kituoni kuna bonde refu na wengi walikaa bondeni.

Kufungua kulianza kuonekana 2021. Mei Mosi ya mwaka huo Mwanza, Rais Samia alikuwa na wiki kadhaa tu ofisini, akasema ukweli kwamba mishahara haipandi mwaka huu, akaomba subira mpaka mwaka unaofuata, ila akashusha kodi ya kima cha chini kutoka asilimia 9 mpaka 8, akafuta ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo wa elimu ya juu, na akasema vyeo vitaanza, watumishi kati ya 85,000 na 91,000. Mwaka huohuo zikatangazwa nafasi 6,949 za walimu kuziba walioondoka kwa kustaafu, kufariki na sababu nyingine. Hizo ndo ajira mbadala zenyewe. Nilifurahi sana kuona zimetangulia maana ndo mlango wa kuanzia, hela yake ipo, haukuzi fungu la mishahara hata kidogo zaidi ya lilivyokuwa.

Mei Mosi 2022 Dodoma akasema lile jambo letu lipo, yaani nyongeza ya mishahara, uwanja ukalipuka, na tarehe 14 Mei Ikulu ikatoa taarifa, kima cha chini kinapanda kwa asilimia 23.3, kutoka 300,000 kwenda 370,000, na fungu la mishahara kwa 2022/23 litakuwa trilioni 9.7, ongezeko la trilioni 1.59. Hapa ndo kwenye somo la kudhibiti gharama, na watu wengi walilikosa kwa hasira. Serikali haikupandisha wote 23.3. Iliweka asilimia kubwa chini na ndogo kadri unavyopanda juu, kwa hiyo Julai mishahara ilipotoka kuna waliokuta wameongezewa elfu kumi na mbili, elfu ishirini, simu zikawaka nchi nzima. Mimi naona uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki, mhudumu wa ofisi na daktari bingwa hawaumizwi sawa na bei ya unga, na bila kubana juu usingepata hela ya kuajiri huku chini. Kilichoharibika ni maelezo. Miezi miwili mizima watumishi waliachwa wanapiga hesabu ya 23.3 kwenye mishahara yao, wengine wameshaahidi ada na wameshachukua mkopo, na hakuna aliyesimama kuwaonyesha jedwali ngazi kwa ngazi. Ukitaka watu wakubali kubanwa waonyeshe wanabanwa wapi na hela inaenda kwa nani.

Na hela ilienda. Aprili 2022 zilitangazwa nafasi 17,412 za ualimu na afya. Aprili 2023 nafasi 21,200, walimu 13,130 na afya 8,070, na aliyezitangaza akiwa waziri wa TAMISEMI alikuwa Angellah Kairuki yuleyule aliyekabidhi ripoti ya vyeti pale Dodoma miaka sita nyuma. Mwezi uliofuata Mei Mosi ya Morogoro ikarudisha nyongeza ya mwaka. Ndani ya kipindi hicho waliotolewa kwa vyeti vya kughushi nao walirudishiwa michango yao ya mifuko, ile waliyokatwa wao wenyewe, zaidi ya watu 14,000, malipo yakaanza Novemba 2022. Wapo waliopinga. Mimi niliona sawa, kaghushi cheti lakini zamu za usiku alizikesha kweli.

Ila foleni sasa. Kwenye zile 21,200 waliomba zaidi ya laki moja na elfu sabini, kila nafasi watu nane. Alafu Januari 2025 usaili wa walimu nafasi 14,648, walioomba wamevuka laki mbili. Zamani mhitimu wa ualimu alikuwa akimaliza anasubiri jina litoke anapangiwa kituo, hakuna usaili. Aliyemaliza 2015 ndo wa kwanza kukuta mlango umefungwa, kakaa miaka kumi, kajitolea shule mbili tatu, kapoteza kuzoea maswali ya mtihani, leo anawekwa chumba kimoja na aliyemaliza juzi na kuambiwa mfanye mtihani mmoja. Wakaunda umoja wao wa walimu wasio na ajira, wa 2015 mpaka 2023, na hoja yao ilikuwa hiyo. Naelewa usaili una faida yake na ninaamini katika ushindani, lakini huwezi kusababisha foleni wewe alafu ukaifuta kwa kubadilisha kanuni ya kupanga foleni. Umri wa kuingia kwenye ajira ya pensheni unaishia 45. Hao wa 2015 ambao walisoma wakiwa watu wazima wameshaanza kutoka nje ya mstari.

Kitu ambacho nawaambia vijana walioko kwenye ofisi za utumishi sasa hivi, mkiandaa ikama msiandike mshahara wa mwezi wa kwanza mkaishia hapo. Chukua mfano wa ile 716,000 ya kabla ya 2022, mwajiri anaongeza asilimia 15 ya mfuko wa pensheni, hiyo ni 107,400, na asilimia 3 ya bima ya afya, 21,480, kwaiyo mtu wako hagharimu laki saba bali laki nane na nusu, na baada ya miaka michache anadai cheo na ni haki yake. Ukiajiri elfu ishirini leo bila kuandika cheo chao cha mwaka wa nne kwenye makadirio, umeshapanga kusitisha kwingine. Bora uajiri elfu kumi na mbili kila mwaka bila kukosa kuliko elfu arobaini mara moja alafu miaka minne kimya. Mfumo mpya wa taarifa za watumishi uliotengenezwa na wataalamu wetu hapahapa umesaidia sana kujua nani yuko wapi, zile sababu za kufunga nchi nzima ili uhesabu watu hazipo tena.

Kwa waliokwama vyeo serikali ilikuja na mserereko, yaani mtu anapandishwa kwenda pale ambapo angekuwepo kama 2016 isingetokea, bila kusubiri miaka ya kawaida katikati. Ni dawa nzuri, na mwaka wa fedha unaoitekeleza unaisikia. Hiyo hela ndo ileile tuliyodhani tumeibakiza.

Kwenye lile rundo langu la kabatini barua ya juu kabisa ilikuwa ya mwalimu mmoja wa sekondari ya kata, mzee wa hisabati, alikuwa na kama miaka mitano hivi kustaafu. Alistaafu Machi 2021 na cheo kilekile. Mserereko ulipotangazwa alinipigia simu, nikamsalimia shikamoo mwalimu, akaitikia, akaniuliza taratibu kama majina yameshatoka na kama na la kwake lipo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshahama ile ofisi lakini nikampigia aliyenirithi, akafungua orodha akaangalia mara mbili. Ilikuwa ya walioko kazini.